Vumbi la Barabarani na Vumbi la Mbinguni

Muhula uliopita, siku wazazi walipotutembelea, klabu yetu ya sayansi ilipewa nafasi ya kueleza kazi zake. Mwenzetu mmoja alisimama mbele ya ubao, akachora viduara viwili, akavizungushia duara kubwa, akasema kwamba viduara vile ni nyota pacha changa, na kinachozizunguka ni gesi na vumbi. Kabla hajamaliza maneno yake, mzee mmoja alinyanyua mkono akauliza: "Wanangu, vumbi la barabara ya Momella halitutoshi, hata mnatafuta na la mbinguni?" Watu wakacheka sana, na sisi wenyewe tukacheka. Mwenzetu akafuta ubao, akaketi.

Tangu siku ile swali hilo halijaniacha. Mzee yule hakuuliza kwa dharau. Mzazi anayenunua sare, madaftari na viatu vya mwanawe ana haki ya kujua mtoto anajifunza nini na litamfaa nini. Kwa hiyo yapasa ajibiwe, maana kicheko si jibu.

Maoni yangu ni haya: elimu ya vumbi linalozunguka nyota changa, hasa nyota pacha, yatufaa sisi wanafunzi wa Maji ya Chai, na shule yetu haina budi kuipa nafasi. Sababu zangu ni tatu. Ya kwanza, elimu hiyo ndiyo habari ya asili ya ardhi tunayoilima. Ya pili, ushahidi wake mmoja ulio bora kabisa ulianguka katika nchi yetu wenyewe, na wengi wetu hatuna habari nao. Ya tatu, kazi hiyo humfundisha mtu kupima asichoweza kukishika kwa mkono, na ujuzi wa namna hiyo twauhitaji sana hapa kwetu kwa ajili ya maji tunayokunywa.

Natuanze na asili. Tulipokuwa Kidato cha Kwanza tulikariri majina ya sayari nane, tangu Utaridi mpaka Neptuni. Tulizikariri kama mtu anavyokariri vituo vya basi kutoka Arusha mpaka Moshi, wala hakuna aliyeuliza zilitoka wapi. Jibu limo katika duara lile lililofutwa ubaoni.

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu makubwa ya gesi na vumbi yaliyo baridi mno. Sehemu ya wingu hujikunja kwa uzito wake yenyewe. Kwa kuwa wingu lilikuwa likizunguka polepole tangu mwanzo, kadiri linavyojikunja ndivyo linavyozidi kwenda mbio. Basi gesi haiwezi yote kuangukia katikati moja kwa moja. Hutandaa ikawa kama ungo mkubwa unaozunguka, na katikati yake imo nyota changa. Ungo huo nitauita sahani. Ukigawa uzito wa sahani hiyo katika mafungu 100, mafungu 99 hivi ni gesi, na fungu moja tu ni vumbi. Lakini fungu hilo moja, katika sahani iliyolizunguka Jua letu lilipokuwa changa, ndilo lililofanya mawe, chuma na udongo wa dunia hii.

Jambo hilo lilitokea zamani gani, na lilichukua muda gani? Tuutumie Mlima Meru kuwa rula yetu. Kilele chake kimepita usawa wa bahari kwa mita 4,566 hivi, na umri wa jamii ya Jua letu ni miaka milioni 4,567 hivi. Kwa hiyo kila mita moja tuihesabu kuwa miaka milioni. Anza safari pwani ya Tanga, pale maji ya bahari yanapogusa mchanga. Sahani za gesi kwa kawaida hudumu miaka milioni chache tu. Mara nyingi hazipiti milioni kumi. Yaani hujapanda hata urefu wa mnazi mmoja wa pwani, na gesi yote imekwisha kutoweka. Madinosaria wanakufa zikiwa zimebaki mita 66 kufika kileleni. Na binadamu kama sisi anaingia katika sentimita 30 za mwisho, urefu wa rula ya mwanafunzi. Kila kitu tunachokiona hapa duniani kilitegemea kazi iliyofanyika katika urefu wa ule mnazi.

Sasa, Jua letu ni nyota iliyo peke yake, lakini nyota nyingi haziko hivyo. Kati ya nyota zinazofanana na Jua, karibu nusu zina mwenza mmoja au zaidi. Mfano ulio bora tunao juu ya vichwa vyetu. Jioni za mwezi wa tano na wa sita, simama uwanjani ukitazama kusini, upande wa nyika ya Simanjiro. Karibu na Msalaba wa Kusini utaona nyota kali sana iitwayo Alfa ya Sentauri. Kwa macho matupu ni moja. Kwa darubini ndogo ni mbili, nazo huzungukana kwa miaka kama 80. Mtoto anayezaliwa leo katika zahanati yetu atakuwa mzee wa mkongojo nyota hizo zitakapokuwa zimemaliza mzunguko mmoja.

Basi mtu anayetaka kujua namna dunia zinavyozaliwa, naye akatazama nyota za peke yake tu, ni sawa na mgeni aliyekuja kuchunguza desturi za kijiji akaingia nyumba za makapera peke yake. Hawezi kusema amekijua kijiji. Kwa ajili hiyo wataalamu wa falaki huzifuata kwa bidii nyota pacha zilizo changa. Nami nitaziita Kulwa na Doto, ili wasomaji wote tuelewane.

Je, sahani ya vumbi huwaje inapokuwa na Kulwa na Doto katikati? Mtu angeweza kudhani kwamba nyota mbili zinazozungukana zitavuruga kila kitu, pasibaki vumbi la kufanya sayari. Uvurugaji upo kweli. Fikiri watoto wawili walioshikana mikono uwanjani wakizunguka kwa nguvu: yeyote anayesogea karibu hupigwa kumbo akatupwa nje. Kadhalika gesi inayosogelea nyota hizo hugawiwa sehemu ya mwendo wao, ikasukumwa mbali. Kwa hiyo katikati hufanyika pengo, na mara nyingi upana wake ni kama mara mbili au tatu ya umbali ulio kati ya Kulwa na Doto.

Lakini kinachosukumwa hakipotei. Nje ya pengo gesi na vumbi hujikusanya vikafanya pete nzito. Ndani ya pengo kila nyota yaweza kuwa na kisahani chake kidogo. Na kati ya pete kubwa na visahani hivyo hupita vijito vyembamba vya gesi vilivyopinda kama mikia, vikibeba chakula kutoka ghalani kupeleka jikoni. Haya ndiyo maumbo matatu ambayo mwenzetu alikuwa akitaka kuyachora: pete, vijito na visahani.

Mfano ulio mashuhuri waitwa GG Tauri. Babu zetu walikijua Kilimia, lile fungu dogo la nyota linaloitwa hivyo kwa sababu lilihusiana na majira ya kulima. Jioni za mwezi wa kumi na mbili Kilimia kiko juu sana. Karibu yake, katika kundi la nyota liitwalo Fahali, pana nyota kubwa yenye wekundu, jina lake Aldebaran. Nyosha mkono wako uielekee nyota hiyo: GG Tauri iko kando yake, kwa umbali usiozidi upana wa kidole kimoja. Kwa macho huwezi kuiona, maana ni hafifu, nayo iko mbali sana kuliko Aldebaran yenyewe. Nuru yake huchukua miaka zaidi ya 450 kutufikia, ingawa nuru hukimbia kilomita karibu 300,000 kwa sekunde moja. Nuru tunayoipokea leo iliondoka huko kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593.

Mwaka 1994 mtaalamu wa Ufaransa, Bibi Anne Dutrey, pamoja na wenzake, walitangaza kuwa wameiona pete ya GG Tauri. Tukichukua umbali wa kutoka Dunia mpaka Jua kuwa ni hatua moja, Kulwa na Doto wa huko wametengana kwa hatua kama 35. Pete yao yaanza hatua kama 180 kutoka katikati na kuishia hatua kama 260, na uzito wa vyote vinavyowazunguka ni zaidi ya sehemu ya kumi ya uzito wa Jua. Mwaka 2014 Bibi Dutrey na wenzake walitoa habari nyingine, kwamba wamekiona kijito cha gesi kikivuka pengo kutoka kwenye pete kuja ndani. Habari hiyo ilikuwa kubwa kwa sababu kisahani cha ndani ni kidogo, na kama hakilishwi kitakwisha upesi, kisipate nafasi ya kufanya sayari. Tena imeonekana kwamba mmoja wa pacha hao naye ni wawili. Na lile pengo ni pana kuliko hesabu nyingi zilivyotabiri, jambo ambalo bado lina mabishano. Wanafunzi wenzangu, angalieni: hapa pana swali ambalo halijafungwa, nalo lawasubiri watu wenye akili na hesabu.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini vumbi likusanyike katika pete badala ya kutawanyika sahani nzima? Siri iko katika tofauti ya gesi na vumbi. Gesi hujisukuma yenyewe kwa shinikizo lake, hivyo huizunguka nyota polepole kidogo kuliko vumbi linavyotaka kwenda. Chembe ya vumbi ni kama mtu wa baiskeli aliyejikuta katikati ya kundi la ng'ombe barabarani: yeye ataka kwenda mbio, nao wamzuia. Akizuiwa hupoteza mwendo, na chembe inayopoteza mwendo huanza kuteremka kuelekea kwenye nyota. Kama mambo yangeendelea hivyo, chembe zilizokwisha kukua kidogo zote zingeishia motoni. Lakini panapokuwa na kigongo cha shinikizo, kama pale kwenye ukingo wa pengo la Kulwa na Doto, gesi na vumbi huenda kwa mwendo mmoja. Hapo vumbi halizuiwi tena, hutulia, likajazana. Anayetaka kuona mfano wa karibu aende mtoni kwetu baada ya mvua kubwa, atazame nyuma ya mawe makubwa: maji hupita, bali mchanga hujikusanya mahali pale mkondo unapotulia. Chembe zikijazana hugongana na kugandana, na huo ndio mwanzo wa mawe, na mawe ndiyo mwanzo wa dunia.

Kwa hiyo wale pacha tuliowadhania waharibifu, hao hao ndio wanaosababisha ukingo ambapo vumbi hujazana. Wala haya si maneno ya kubuni. Mwaka 2011 ilitangazwa habari ya sayari iitwayo Kepler-16b, ukubwa wake kama wa Zohali, inayozunguka nyota mbili kwa siku 229, huku nyota zenyewe zikizungukana kwa siku 41. Anayesimama huko angeona machweo ya majua mawili. Na mwaka 2019 Bwana Felipe Alves na wenzake walitoa picha ya pacha walio wachanga zaidi, ambao jina lao katika orodha ni BHB2007 11. Kila mmoja ana kisahani chenye ukubwa unaokaribia ule wa ukanda wa vijisayari katika jamii ya Jua letu. Wametengana kwa zile hatua zetu 28, na nyuzi za gesi na vumbi zimewazunguka zimesokotana kama ukili wa mkeka.

Picha hizo hazikupigwa kwa darubini ya vioo. Vumbi baridi halitoi nuru ya kuonekana kwa macho. Hutoa mawimbi mafupi ya redio, na mvuke wa maji ulio hewani huyameza kabla hayajafika chini. Kwa hiyo mataifa ya Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Asia ya Mashariki yalishirikiana na nchi ya Chile kujenga mitambo ya ALMA, iliyozinduliwa mwaka 2013: madishi 66 yaliyo katika uwanda mkavu wenye urefu wa mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Uwanda huo wapita kilele cha Meru yetu kwa zaidi ya mita 400. Madishi hayo huunganishwa yakafanya kazi kama jicho moja kubwa. Hakuna taifa moja lililobeba mzigo huo peke yake, nalo ni funzo lingine kwetu.

Nakuja sasa kwenye sababu yangu ya pili. Labda mtu atasema: hayo ya Chile na Ufaransa yako mbali nasi. Je, Ivuna iko mbali?

Jioni ya tarehe 16 Desemba mwaka 1938 mawe yalianguka kutoka angani huko Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, katika sehemu ambayo leo ni Mkoa wa Songwe. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja kwa jumla. Ni mawe meusi yanayovunjika upesi, na mtu asiyejua angedhani ni makaa yaliyozimika. Lakini wataalamu walipoyapima waliona kwamba ukiacha zile gesi nyepesi, vitu vilivyomo vyalingana kwa kiasi chake na vitu vilivyomo katika Jua lenyewe. Maana yake ni hii: jiwe la Ivuna ni vumbi la sahani ya Jua, lile la wakati wa mnazi wetu wa Tanga, ambalo halikupata kuyeyuka likawa mwamba wa kawaida. Lililowa maji ya zamani hizo, ndiyo maana lina madini ya namna ya udongo, lakini viasi vyake vya asili limevihifadhi. Ndani yake zimo pia chembe chache mno zilizo na umri kupita Jua, zilizotoka katika nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa.

Vimondo vya aina hiyo ni vichache sana ulimwenguni. Wataalamu wameipa aina hiyo jina la herufi mbili, CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Jumba la Makumbusho ya Viumbe na Asili la London lilijipatia kipande chake mwaka 2008. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa2 kilirudisha duniani gramu 5 na kidogo za udongo wa kijisayari Ryugu, na walipouchunguza, kitu walichoulinganisha nao kilikuwa jiwe la Ivuna, wakauona ni wa jamii moja nalo. Wajapani walisafiri mamilioni ya kilomita, wakaleta gramu tano za kitu ambacho sisi tuliletewa bure mlangoni.

Na katika mkoa huo huo wa Songwe kipo kile Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani kama 16. Hicho twakijua zaidi, maana ni kikubwa na watu huenda kupiga picha kando yake. Lakini tazama namna vimondo hivi viwili vinavyosaidiana. Ivuna ni vumbi la mwanzo, kabla ya kuyeyuka. Mbozi ni chuma kilichotokana na kidunia kilichokwisha kukua na kuyeyuka, kisha kikavunjika. Mwanzo wa hadithi na mwisho wake vyote vilianguka mkoa mmoja wa Tanzania. Hata hivyo nilipouliza darasani kwetu ni nani aliyesikia jina la Ivuna, hakuna mkono hata mmoja ulionyanyuka, na mimi mwenyewe mwaka mmoja nyuma nisingenyanyua. Wageni wanasema Ivuna katika vitabu vyao kila siku, na sisi wenye Ivuna hatujui kama ni jina la mtu au la samaki. Jambo hilo lanitia haya, na nadhani lawapasa wengine pia kuona haya.

Ni kweli, na lazima niseme bila kuficha, kwamba Ivuna lilitoka katika sahani ya nyota ya peke yake, wala si ya pacha. Lakini vumbi ni vumbi, na sheria za gesi, uzito na shinikizo ni zile zile. Aliyelijua jiwe la Ivuna ameshika mkononi kitu cha namna ile inayoonekana kwa mbali kama pete hafifu kando ya Aldebaran.

Sababu yangu ya tatu yahusu maji. Najua wazazi wengi watasema: tuna matatizo yetu hapa hapa, tuyamalize kwanza. Kijiji chetu chaitwa Maji ya Chai kwa sababu ya rangi ya mto wake, na kila mtu akitabasamu waona namna maji ya sehemu hizi yalivyowatia watu wetu rangi ya kahawia katika meno. Hiyo ni kazi ya floridi inayotoka katika miamba na majivu ya volkano ya Meru. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita; maji mengi ya huku hukipita kipimo hicho, na ikizidi sana huharibu hata mifupa. Je, si afadhali tushughulike na hilo, tuache nyota?

Mimi nasema kazi hizi mbili ni ndugu. Floridi haionekani kwa macho wala haionjwi kwa ulimi. Hujulikana kwa kupima tu. Hali kadhalika gesi ya GG Tauri. Mtaalamu wa nyota hutambua gesi kwa mawimbi yake, maana kila aina ya gesi ina alama zake. Na njia mojawapo ya kupima floridi katika maji ni kutazama namna rangi ya dawa inavyobadilika. Hapa jirani zetu, Ngurdoto, pana kituo cha utafiti ambapo floridi hupunguzwa kwa kuyachuja maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Aliyegundua njia za namna hiyo hakukariri majibu. Alizoea kuuliza, kupima, kukosea na kupima tena. Mazoea hayo hayana mlango wa maji na mlango wa nyota. Kijana anayeamka usiku kwa hiari yake kuchora mahali palipo Aldebaran, ndiye huyo huyo atakayevumilia kupima vikombe mia vya maji ya kisima.

Tena ile floridi yenyewe haikuzaliwa Meru. Vitu vya asili vilivyomo ndani yake vilitengenezwa katika nyota za kale, vikapita katika sahani ya Jua, vikaingia katika dunia, vikapandishwa na volkano, na sasa vimo katika ndoo ya mama.

Basi nini kifanyike? Siombi darubini ya mamilioni. Naomba mambo matatu madogo. La kwanza, usiku mmoja kila mwezi, mbingu zikiwa safi na mwezi mchanga, wanafunzi waruhusiwe kukaa uwanjani kwa saa moja pamoja na mwalimu, wazione Kilimia, Aldebaran, Msalaba wa Kusini na Alfa ya Sentauri, na kila mmoja aandike katika daftari alichokiona. La pili, mwalimu wa Jiografia na mwalimu wa Fizikia wakubaliane kutupa kipindi kimoja cha pamoja juu ya Ivuna na Mbozi, na jina la Ivuna liandikwe katika ramani ya Tanzania iliyo ukutani. La tatu, klabu ya sayansi ipime maji ya mabomba na visima vya jirani kwa msaada wa wanaojua, na matokeo yake yachapwe katika gazeti hili hili, kando ya picha za nyota. Mambo hayo gharama yake ni karatasi, kalamu na usingizi kidogo.

Nawe Mzee wangu uliyeuliza, shikamoo, na ahsante kwa swali lako. Vumbi la barabara ya Momella latutosha kabisa, maana ni lile lile. Lilikuwa pete hafifu kabla halijawa dunia, likawa dunia kabla halijawa majivu ya Meru, na leo linatukohoza sisi na kuchafua nguo zilizoanikwa. Tunachoomba kwenu wazazi ni ruhusa ya kulifuata mpaka lilikotoka.

Na wewe mwenzangu uliyefuta ubao, siku ya wazazi ya muhula huu chora tena.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita